Mitulinga Sitini

Mgonjwa wa mwisho aliingia amefunga vifungo vya shati mpaka kooni, kama alivyoagizwa, na jasho lilikuwa likimchuruzika nyuma ya masikio. Alikuwa hamali wa sokoni, mtu wa kifua kipana, na ile kola ilimkaba kama mikono ya mtu. Mama Nyuzi alimsimamisha, mgongo ukutani, akaegesha kipimapembe chini ya kwapa lake na kumwambia ainue mkono polepole.

"Ukifika pale unapogoma, uache ugome," alimwambia. "Hapa hatutoi zawadi kwa mashujaa."

Mkono ukapanda. Ukapita bega, ukapita sikio, ukatetemeka kidogo, ukasimama. Nyuzi mia na sitini na tano. Aliziandika kwa wino, maana kalamu ya risasi hufutika, kisha akampa mizani ya springi aivute mara tatu.

"Hivi kweli hutaki kujua niliwekewa nini humu ndani?" hamali aliuliza, vidole vikielekea kwenye kifungo cha juu.

"Ukifungua hicho kifungo utakuwa umenivunjia kazi ya miaka miwili na nusu."

Hamali akacheka, akakiacha kifungo, akaondoka zake akijipepea kwa kadi ya kliniki.

Jina la Mama Nyuzi alikuwa amepewa na wagonjwa. Wa kwanza kumsikia akitaja "nyuzi tisini, nyuzi mia na kumi" alidhani ni fundi cherehani aliyepotea njia akaingia hospitalini, akamwuliza kama anashona na sare za shule. Wodi nzima ilicheka wiki nzima, na jina likamganda. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutimiza. Mtulinga, ule mfupa mwembamba unaotoka chini ya koo kwenda begani, ukivunjika na vipande vikaachana sana, kuning'iniza mkono kwenye kitambaa mara nyingi hakutoshi. Hapo ndipo wapasuaji huitwa, na wapasuaji hawasemi kauli moja. Wapo wanaolaza bamba la chuma juu ya mfupa na kulikaza kwa skrubu, kama seremala anavyounga ubao uliopasuka. Wapo wanaopenyeza pini katika uwazi wa katikati ya mfupa, kupitia kijitundu kisichozidi upana wa kidole gumba. Kila kambi ilikuwa na maneno yake na kejeli zake kwa kambi ya pili. Hospitali ikaamua kumaliza ubishi: wagonjwa sitini, bahasha sitini zilizofungwa, moja ikifunguliwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Thelathini bamba, thelathini pini. Na ili mpimaji asipendelee upande hata bila kukusudia, ikawekwa sheria kwamba asijue nani amewekewa nini. Ndiyo maana ya shati na vifungo vyake. Kila mgonjwa alipimwa mara tatu: wiki ya sita, mwezi wa tatu, mwaka mmoja. Mitulinga sitini ilipita mikononi mwa Mama Nyuzi, na hakuuona hata mmoja.

Alijivunia kutojua huko. Katika hospitali ambamo kila mtu alijifanya anajua, yeye alilipwa kwa kutojua, na alikulinda kutojua kwake kama mlinzi wa ghala anavyolinda funguo.

Aliyemweka kwenye kiti hicho ni Profesa, mkuu wa idara ya mifupa. Miaka kumi na miwili nyuma Mama Nyuzi alikuwa akipiga deki wodini, na alikuwa na tabia ya kuwahesabia kwa sauti wagonjwa waliokuwa wakifanya mazoezi: moja, mbili, usinidanganye, hiyo haikuwa tatu. Profesa alisimama mlangoni siku moja akamsikiliza, kisha akaandika barua kwenda chuo cha tiba ya viungo. Barua hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye ndoo na dekio. Hakuna mwaka aliosahau kumshukuru, na hakuna karatasi ya Profesa aliyowahi kuisoma mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi.

*

Wiki mbili baada ya hamali, Profesa alimwita ofisini. Orodha ya nani alipewa nini ilikuwa imeshafunguliwa, hesabu zimekamilika. Mezani palikuwa na karatasi moja safi na kalamu juu yake.

"Tumemaliza, mwanangu," alisema. Alikuwa mtu wa mikono mizuri, mikono yenye adabu, isiyogusa kitu bila sababu. "Mwezi ujao mwongozo unatoka, unakwenda kila hospitali. Bamba. Nimelisema miaka ishirini, na sasa vipimo vyako vimelisema. Tia sahihi hapo kwamba vipimo ni vyako."

Mama Nyuzi akashika kalamu. Pengine angetia sahihi kama karatasi isingekuwa fupi vile. Macho yake yaliteleza juu yake bila kutaka na yakajikwaa: waliowekewa pini, thelathini, mifupa iliyounga ishirini na tisa. Waliowekewa bamba, ishirini na nane, mifupa iliyounga ishirini na nane. Wote bila kasoro.

"Bamba walikuwa thelathini," alisema.

"Wawili walipotea. Kila utafiti una watu wake wanaopotea. Hawarudi, hawaonekani, huwezi kuwahesabu." Profesa alisema hivyo kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua hunyesha.

"Naomba nikaisome vizuri, nitaileta kesho."

Profesa alimtazama juu ya miwani. "Tangu lini wewe unasoma kwanza?"

Swali lilisemwa kwa utani, na Mama Nyuzi akacheka kama ilivyotakiwa. Lakini kwenye korido alianza kuisoma karatasi tena, tangu mstari wa kwanza.

Daftari lake lilikuwa na watu sitini. Alilifungua chumbani kwake, kidole kikishuka ukurasa kwa ukurasa, mpaka akawapata wawili wasio na kipimo cha mwaka mmoja. Nambari kumi na saba: fundi baiskeli, vipimo vizuri mpaka mwezi wa tatu, kisha kimya. Nambari arobaini na moja: mwanamke, fundi wa kupiga plasta. Mwezi wa tatu, nyuzi sabini.

Akamkumbuka. Alikumbuka meno yaliyoumana, na mkono uliogoma katikati ya njia kama punda kwenye daraja. Zaidi ya hayo alikumbuka shati. Karibu na kola, kitambaa kilikuwa kimeinuliwa na kitu chenye ncha. Alitaka kuuliza. Alitaka kusema, hebu fungua nione. Badala yake alitazama ukutani kama sheria ilivyotaka, akaandika pembeni, "Maumivu makali. Aonwe na daktari," akamwelekeza kwenye korido, mlango wa tatu kulia. Halafu akamwita anayefuata.

*

Karani wa majalada alikuwa mwanamke mtu mzima ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Aliposikia nambari arobaini na moja hakuhitaji kufungua kabati.

"Yule fundi? Alikuja."

"Alikuja lini, dada?"

"Mara tatu alikuja. Mara ya kwanza alitoka kwako na kijikaratasi chako, daktari alikuwa safarini. Mara ya pili aliambiwa tarehe yake imepita, asubiri kuitwa. Mara ya tatu akaambiwa nafasi yake kwenye utafiti imefungwa, aende kwenye foleni ya kawaida, na foleni ya kawaida ilikuwa ya miezi mitano." Karani alivaa miwani, akaivua tena. "Usiniulize nani alimwambia. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilivyoambiwa nami nikamwambia."

"Na kwenye faili mkaandika nini?"

"Hakurudi."

Nje ya dirisha la majalada kitanda cha magurudumu kilipita kikilia kwa gurudumu moja.

"Ukitafuta pa kunitaja, nitaje," karani alisema hatimaye. "Nimebakiza mwaka nistaafu. Watanifanya nini, wanizeeshe?"

Fundi baiskeli alipatikana kwa simu mchana uleule. Alikuwa amehamia kwa kaka yake, siku nzima kwa basi, na alishangaa kusikia kwamba kuna mtu aliyemtafuta. Alikuwa mzima. Bamba lilikuwa mahali pake, halimsumbui ila akilalia upande huo, na mtungi wa gesi anaubeba kwa bega hilohilo. Picha ya eksirei alipiga huko aliko, angeituma. Mama Nyuzi alikata simu akajikuta amefurahi, na furaha ile ilimtuliza. Alikuwa ameanza kuogopa kwamba anatafuta aibu ya mtu. Sasa alijua kuwa anatafuta hesabu tu.

*

Jengo ambalo karani alimwelekeza lilikuwa la ghorofa nne, bado halina madirisha, na msimamizi wake alipoulizwa habari za mwanamke fundi wa plasta alielekeza juu kwa kidevu. "Mwiko? Yuko ya tatu. Panda taratibu, ngazi hazina kingo."

Mwiko alikuwa amesimama juu ya jukwaa la mbao, uso umenyunyiziwa saruji kama madoa ya kanga. Alikuwa akipiga plasta kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umebanwa mbavuni, na kiganja chake kilishika karai tupu kwa ajili ya kushika tu, ili usionekane hauna kazi. Alimtambua mgeni wake kabla hajasalimiwa.

"Wewe ni yule mama wa kupima," alisema. "Umekuja kunipima huku?"

"Nimekuja kukuona."

"Kule hukutaka kuniona."

Halikuwa tusi. Lilisemwa kama mtu anavyosema ukuta huu umepinda. Mama Nyuzi akatafuta mfuko wa saruji, akaukalia. Akaeleza yote: bahasha, bamba na pini, vifungo vya shati, na ile karatasi iliyomtoa mtu wa arobaini na moja kwa kuwa eti amepotea.

Mwiko aliendelea kusawazisha ukuta mpaka maelezo yakaisha. Kisha akateremka, hatua kwa hatua, kwa mkono mmoja.

"Nani amepotea?" aliuliza. "Mimi naamka pale ninapoamka siku zote. Nafanya kazi mjini humu humu, nambari yangu ya simu ni ileile. Nilikuja mara tatu. Mara ya tatu nilikaa kwenye lile benchi lenu tangu asubuhi mpaka wafagiaji wakaniambia niinue miguu. Mimi sikupotea. Nyinyi ndio mlionipoteza."

"Ni kweli."

Mwiko alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na jibu hilo lilimwacha mikono mitupu. Akafungua vifungo viwili vya shati la kazi.

Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili na nusu, Mama Nyuzi aliuona mtulinga aliokuwa ameupima. Kovu lilikuwa refu, limefuata mfupa wote. Katikati yake ngozi ilikuwa nyembamba, inang'aa, imetunishwa kutoka ndani na ncha ya chuma kilichokatika. Mwiko alipovuta pumzi, ile ncha ilitembea. Mama Nyuzi alinyoosha mkono, akausimamisha hewani.

"Gusa," Mwiko alisema. "Haliumi ukigusa. Linauma nikiinua karai."

Akagusa. Chini ya kidole chake vipande viwili vya mfupa vilisogea, kila kimoja na njia yake. Mikono yake ilikuwa imezoea kufikiri kwa nambari, lakini nambari haikuja. Kilichokuja ni kumbukumbu ya macho yake mwenyewe yakitazama ukuta siku ile. Sheria ilimkataza kutazama kovu. Haikumkataza kumsindikiza mtu mlango wa tatu kulia na kusimama pale mpaka ufunguliwe. Hilo alijinyima mwenyewe, na alikuwa ameliita uaminifu.

"Nikikuomba picha ya eksirei, utakubali?"

"Ya kunitibu, au ya kushindana na wakubwa zenu?"

"Yote mawili."

Mwiko alifunga vifungo vyake kwa vidole vya kushoto, taratibu, kimoja baada ya kingine. "Angalau hudanganyi," alisema, akashuka naye ngazi kwenda kupigwa picha.

*

Mume wa Mama Nyuzi alikuwa mwoka mikate, mtu wa kulala mapema na kuongea kidogo. Jioni ile alimsikiliza akiwa anakuna unga uliokauka kwenye kucha.

"Mkataba wako unaisha mwezi ujao," alisema.

"Najua."

"Na anayeutia sahihi ni yeye."

"Najua."

"Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha miaka kumi na miwili, baba watoto. Mpaka nimefika ukutani. Pa kurudi nyuma hapapo."

Mwoka mikate aliendelea na kucha zake. Alipomaliza, alinawa, akakausha mikono kidole kwa kidole. "Mimi nikipungukiwa na mkate mmoja kwenye trei," alisema, "sisemi umepotea. Naangalia nani kaula." Kisha akaenda kulala, na Mama Nyuzi akajua kwamba hayuko peke yake.

*

Asubuhi alikwenda kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti, ghorofa ya juu, akaacha barua yenye nakala ya kurasa mbili za daftari na maneno ya karani wa majalada yaliyotiwa sahihi. Alidai muhuri wa kupokelewa. Katibu wa kamati alimwambia muhuri haupo, yeye akasema atausubiri. Alisimama mbele ya meza ile kwa muda ambao mtu anaweza kupika maharage, na muhuri ukapatikana. Ndipo alipoteremka kwa Profesa, karatasi mkononi, haina sahihi.

Profesa alisikiliza bila kumkatiza. Alipojua kwamba barua imeshapanda juu, mikono yake mizuri ililala mezani kama vyombo vilivyokwisha kutumika.

"Hukuja kwangu kwanza," alisema.

"Ningekuja kwako kwanza ningerudi na sahihi yangu kwenye karatasi hii. Najijua."

"Nilikutoa kwenye ndoo. Watu waliniambia, fadhila ya punda ni mateke, na mimi nikawabishia."

Siku nyingine yoyote maneno hayo yangemwinamisha. Aliyasikia yakiingia, yakamchoma pale yalipolengwa, na akashangaa kukuta bado amesimama. "Punda hupiga teke akizidishiwa mzigo, Profesa. Wa kwangu ni huu." Akatoa picha ya eksirei kwenye bahasha yake kubwa na kuibandika kwenye kisanduku cha mwanga ukutani, mwenyewe, bila kuomba ruhusa.

Profesa alinyanyuka. Alikwenda karibu na picha, karibu mno, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha asiyoitarajia. Bamba lilikuwa limekatika kwenye tundu la tatu. Skrubu mbili zilikuwa zimeng'oka na kulala upande. Kati ya vipande vya mfupa palikuwa na weusi mtupu. Ilikuwa kazi ya mkono wake, hakuhitaji kuambiwa.

"Alibeba mizigo kabla ya wakati," alisema bila kugeuka.

"Huenda. Alikuja kuuliza wakati ni lini. Mara tatu."

"Ni mmoja. Mmoja kati ya thelathini. Hata ukimweka, bamba linabaki tiba nzuri. Hilo halibadilishi kitu."

"Kama halibadilishi kitu," Mama Nyuzi alisema, "mwandike."

Taa ya kile kisanduku ilikuwa ikivuma kama nyuki. Mama Nyuzi aliiweka karatasi mezani mahali ilipokuwa siku ile ya kwanza, akailaza kalamu juu yake, akatoka.

*

Kamati ilikaa mara mbili. Karani wa majalada aliitwa, akasema yale aliyoyasema, miwani ikibembea. Mwisho wake hesabu ziliandikwa upya, sitini kamili: wa pini thelathini, mifupa iliyounga ishirini na tisa, wa bamba thelathini, mifupa iliyounga ishirini na tisa. Wenye bamba walirudisha nguvu mapema katika zile wiki za mwanzo. Wenye pini walikuwa na kovu dogo, lakini saba kati yao pini iliwachoma chini ya ngozi, ikabidi itolewe. Ulipotimia mwaka, mikono ilipanda sawasawa, nyuzi kwa nyuzi, kiasi kwamba ukiwachanganya watu wale na mashati yao hungejua nani ni nani. Mwongozo wa kuzitangazia hospitali zote tiba moja haukutoka.

Hakuna aliyempongeza. Chumba chake cha vipimo kiligeuzwa stoo ya magongo, naye akahamishiwa kwenye ukumbi wa mazoezi, ambako wataalamu sita waligombea vitanda vinne. Mkataba wake, uliokuwa wa miaka mitatu, ulirudi ukiwa wa miezi sita. Aliusoma mpaka mwisho, na mistari midogo ya chini kabisa, ndipo akatia sahihi. Profesa alipokutana naye alisalimia ukuta. Wenzake wawili waliacha kunywa chai meza moja naye. Wa tatu, kijana mpole aliyekuwa hasemi neno kwenye mikutano, alihamisha kikombe chake na kuja kukaa karibu naye, akazungumzia hali ya hewa.

Kuna siku alijiuliza kama ilistahili. Si swali lenye jibu la siku moja. Alichogundua ni kwamba sasa alipowapima wagonjwa aliwatazama machoni kwanza, na wale wenye kijikaratasi cha "aonwe na daktari" aliwapeleka mwenyewe mpaka mlangoni, akabisha hodi, akasubiri. Foleni yake ikawa ndefu. Wasimamizi wakalalamika. Akaendelea.

Mwezi wa pili wa mkataba ule mfupi ulikuwa unakwisha mhudumu alipokuja kumwita: Profesa anamtaka kliniki, sasa hivi.

Aliwakuta wawili, wakitazamana, meza katikati. Mwiko alikuwa amevaa blauzi safi, lakini saruji ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye mikunjo ya vidole. Mbele yake palikuwa na fomu ya kukubali upasuaji. Haikuwa na sahihi.

"Mgonjwa amekataa kuzungumza mpaka wewe uwepo," Profesa alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwake tangu ile siku ya picha.

"Sikukataa kuzungumza," Mwiko alisema. "Nilikataa kuzungumziwa. Mara ile ya kwanza nilipewa karatasi kama hii nikiwa nimelala chali. Leo nimekaa. Nataka kuelezwa vyote, huyu mama akisikia, ili kesho mtu asije akasema sikuelezwa au sikuuliza."

Mama Nyuzi alivuta kiti, akakaa, si upande wa Profesa wala wa Mwiko. Alimwona Profesa akipima kama atakasirika. Kisha, polepole, mikono ile yenye adabu ilitoka mifukoni, ikachukua kipande cha karatasi na kuanza kuchora.

Akaeleza. Bamba refu zaidi, na kipande cha mfupa kutoka nyongani kupachikwa kwenye pengo. Mkono ungepata nguvu mapema, lakini kovu ni lilelile, na mkanda wowote utakaopita begani utalisugua. Pini nene, nayo pamoja na mfupa wa nyonga. Tundu dogo, lakini kwa mfupa uliokwisha kukataa mara moja inashika kwa udhaifu zaidi, na itabidi itolewe baadaye. Au kuuacha kama ulivyo, kutoa chuma tu, na kuishi na mkono ulivyo. Mwiko aliuliza kuhusu karai. Aliuliza kuhusu kuinua mkono kwenye dari, ambako plasta haina huruma na hairudi nyuma. Aliuliza ni wiki ngapi, na wiki hizo anazihesabu nani, na akiumwa kabla hazijatimia anabisha mlango gani. Kila jibu alilirudia kwa maneno yake, kama fundi anayerudia vipimo kabla ya kukata. Profesa alijibu yote. Mara mbili alisahihisha mchoro wake mwenyewe.

Mwishowe Mwiko aliegemea nyuma.

"Na ungekuwa ni wewe," alisema. "Mfupa ni wako, kazi ni yangu hii, dari inakusubiri. Ungechagua ipi?"

Profesa alifungua mdomo. Mama Nyuzi alilijua jibu. Wodi nzima ililijua, wanafunzi wa miaka ishirini walilijua kwa moyo. Aliliona likimjia mpaka kwenye midomo. Profesa alitazama mchoro, akautazama mkono wa kulia wa yule mwanamke, ulivyolala mapajani kama kitu cha kuazima.

"Sijui," alisema.

Neno lenyewe lilikuwa dogo, na lilitoka vibaya, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Nje, kwenye benchi, mtu alikohoa.

Mwiko aliisukuma ile fomu pembeni kwa mkono wake wa kushoto, akasogeza kiti chake mbele mpaka magoti yakagusa meza.

"Haya," alisema. "Sasa tunaweza kuzungumza."